Kigari cha gofu kimezeeka: ukiboreshe au ukiache kilivyo?

Leo naomba tuipumzishe siasa kidogo. Kuna jambo limenikalisha chini wikiendi nzima hapa Georgia, nikaona niliandike maana ndani yake kuna somo la betri, la umeme na la hela, na vijana wengi mnaopita hapa mnapenda mambo ya ufundi.

Ni hivi. Kuna ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga, kanizidi miaka mingi kwa hiyo namwita Kaka. Anafanya kazi usiku, ghala moja kama kilomita sita kutoka kwake. Alinipigia simu saa nane usiku: "Mdogo wangu, njoo na gari lako, kigari kimenifia njiani." Nikamkuta anakisukuma peke yake gizani, jasho linamtoka na baridi ile.

Kwa mlioko nyumbani huenda mnashangaa mtu kwenda kazini na kigari cha gofu. Huku si ajabu. Kuna mji unaitwa Peachtree City, kusini mwa Atlanta, una njia maalum za vigari takriban kilomita 160, mbali kabisa na barabara za magari. Watu wanakwenda sokoni, kanisani, hata wanafunzi wa sekondari wenye leseni wanakwenda navyo shule na kuvipaki kama nyie mnavyopaki baiskeli. Viko zaidi ya 10,000 vimesajiliwa pale. Kwa mtu kama Kaka, ambaye bima na mafuta ya gari la pili vingemmaliza, kigari cha mtumba cha dola 1,500 kilikuwa mkombozi. Usiku anakitumia yeye, mchana binti yake wa miaka 16 anakwenda nacho shule.

Sasa kimekufa. Kaka akakipeleka kwa mafundi fulani (jina naliacha). Wakamwambia kigari chako cha volti 36 kimepitwa na wakati, tukupandishe volti 48, tukuwekee betri ya lithiamu, kontrola mpya, springi za kukinyanyua na tairi kubwa. Jumla dola 3,800. Kaka alikuwa na dola 3,000 kwenye akiba, na hiyo ilikuwa hela ya bati. Nyumba ya mama yake inavuja, mvua za masika hazisubiri mtu. Akawa tayari hata kukopa. Hapo ndipo nikamwambia, Kaka, tusubiri Jumamosi, tufunue kiti tuangalie wenyewe.

Kigari cha umeme ni kitu rahisi sana wadau, msitishike. Chini ya kiti kuna betri zimeungwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Cha volti 36 kina betri sita za volti 6. Cha volti 48 aghalabu kina sita za volti 8, au nne za volti 12. Umeme unapita kwenye solenoidi, ile inayolia "tak!" ukikanyaga, unaingia kwenye kontrola inayopima mota ipewe kiasi gani, kisha unafika kwenye mota nyuma. Basi. Vya zamani kabisa havikuwa hata na kontrola ya kielektroniki, vilikuwa na koili za waya zinazopunguza nguvu kwa kuigeuza joto. Ukikuta cha namna hiyo, kuweka kontrola ya kisasa ni maboresho ya maana, kwa sababu kila ukienda polepole unakuwa unachoma betri bure.

Betri zenyewe ni za risasi na asidi, ndugu wa zile za sola mnazozijua. Si kama ya gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, hii imetengenezwa kutoa polepole kwa muda mrefu. Chukua ile ya Trojan T-105, inayotumika sana kwenye vigari hivi: volti 6, ampea-saa 225, uzito kama kilo 28. Sita ni karibu kilo 170, yaani umebeba watu wawili wazima chini ya kiti muda wote! Lakini ile 225 inapatikana ukivuta kidogo kidogo kwa saa 20. Ukivuta ampea 75 mfululizo inakupa kama dakika 115 tu, ambayo ni ampea-saa 144 hivi. Kadiri unavyovuta kwa pupa ndivyo inavyokupa kidogo.

Tukapiga hesabu. Kigari kikienda kilomita 20 kwa saa kwa dakika 115 ni karibu kilomita 38 mpaka kikauke kabisa. Usikikaushe, nusu inatosha ukitaka betri ziishi, kwa hiyo sema kilomita 19. Kaka anakwenda na kurudi kilomita 12. Maana yake betri za kawaida zikiwa nzima zinamtosha na chenji inabaki. Volti 36 hazikuwa ugonjwa wake.

Ugonjwa tuliukuta kwa testa ya bei chee. Chaji usiku kucha, acha kigari kitulie saa kadhaa, kisha pima kila betri peke yake. Ya volti 6 iliyojaa na kutulia inasoma kati ya 6.3 na 6.4. Tano zilikuwa huko, ya sita ilisoma 5.9. Hapo usitoe hukumu bado. Mwambie mtu aendeshe kwenye mlima mdogo huku wewe umeshika testa (polepole jamani, na usivae pete wala saa ya chuma, na spana zako uzizungushie tepu). Zile tano zilishuka kidogo, ile mbovu ikaporomoka hadi chini ya 5. Halafu tukafungua vifuniko. Maji yalikuwa chini, bamba za risasi zinaonekana kabisa, zimekauka juu. Kaka kwa miaka miwili hakuwahi kuongeza maji hata tone. Hakuna aliyemwambia!

Watu wengi hapa wangenunua moja mpya na kuchomeka. Kama seti ina miezi michache, sawa. Hii ilikuwa na miaka sita, tarehe imegongwa kwenye vichwa. Ukichanganya mpya na wazee, wazee ndio wanaoamua utafika wapi, na hiyo mpya inazeeshwa pamoja nao. Seti ikifikisha miaka hiyo unabadilisha yote.

Lakini kabla ya kununua chochote, tulilala chini na bisibisi. Na hapa ndipo mimi naona uamuzi wote ulipo, sio kwenye betri. Asidi ikimwagika miaka na miaka inakula chuma cha sehemu betri zinapokaa. Club Car wanatumia chasi ya alumini ambayo haishiki kutu, E-Z-GO na wengine ni chuma. Ukichoma bisibisi ikazama, funga mjadala, usiweke hata dola mia moja hapo, uza kama chuma chakavu. Ya Kaka ilikuwa na kutu ya juu juu, tukaikwangua, tukaosha na magadi na maji, tukapaka rangi.

Sasa tuje kwenye lithiamu, maana najua kuna mtu tayari anataka kuniambia ni ushamba kuikataa. Siikatai. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti ina uzito chini ya theluthi moja ya zile za risasi, inadumu mizunguko maelfu, haitaki maji, haimwagi asidi, na nguvu haipungui kadiri inavyoisha. Kigari kinakimbia vilevile mpaka mwisho, kisha kinazima ghafla. Mtu anayepanga kukaa na kigari miaka kumi, chasi ni nzima na hela anayo, aweke. Ila aulize mambo ambayo wauzaji huyapitia haraka. Chaja ya zamani haifai, inabidi mpya. Kipimo cha chaji kwenye dashibodi kitakudanganya kwa sababu kimezoea volti za risasi. Ndani ya betri kuna bodi inayolinda seli, na kama bodi hiyo inaruhusu ampea chache kuliko kontrola inavyovuta, utazimikiwa katikati ya mlima. Na usichaji chini ya nyuzi 0. Georgia usiku wa Januari inafika huko. Halafu Club Car za volti 48 za miaka ya 1990 zina kompyuta ndogo inayoongoza chaja, na hiyo lazima ipitwe kando kwanza. Fundi asiyeijua atakula hela yako bila faida.

Na kupandisha volti? Mota ya zamani ya mfululizo ikipewa 48 badala ya 36 itaongeza mwendo kama theluthi. Unaitambua kwa waya: zote nne zinazoingia kwenye mota ni nene. Ukikuta mbili nene na mbili nyembamba hiyo ni aina nyingine, kontrola yake ni ya volti zake, na bila kuibadilisha utaiunguza. Kaka yeye ana ile ya mfululizo, kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni kwamba vigari vingi hivi vina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Umeongeza mwendo, umenyanyua kigari juu, umeweka tairi kubwa, breki ni zilezile za kwenye nyasi. Na anayeendesha asubuhi ni mtoto wa miaka 16 na rafiki zake watatu wanacheka. Kikizidi kilomita 32 kwa saa, kanuni za serikali kuu hapa Marekani tangu 1998 zinakihesabu kama gari la mwendo mdogo, linalotakiwa kuwa na mikanda, kioo, taa na namba ya chasi. Hayo kwenye ile bei ya dola 3,800 hayakutajwa.

Nilimuuliza Kaka swali moja: "Kikirudi kilivyokuwa siku ulipokinunua, utalalamika?" Akasema, "Mimi nataka nifike kazini tu na nirudi."

Basi tukanunua betri sita zilezile za risasi, dola 1,150 baada ya kurudisha za zamani (wanazipokea kwa ajili ya risasi, usizitupe). Waya nene mpya dola 90, maana za zamani zilikuwa zimeota ukungu wa kijani vichwani na zilikuwa zinapata moto. Viatu vya breki dola 60. Galoni ya maji yaliyotoneshwa, dola moja na senti. Jumla dola 1,300 na ushee. Nikamwandikia kwa maka peni kwenye kiti upande wa ndani: MAJI KILA MWEZI, BAADA YA KUCHAJI SIO KABLA. Ukijaza kabla, wakati wa kuchaji yanapanda na kumwagika na asidi, ndiyo hiyo inayokula chuma. Na mlango wa banda uwe wazi, maana zikichajiwa zinatoa gesi inayowaka.

Dola 1,700 zilizobaki zilitumwa Tanga Jumatatu. Bati zimeshanunuliwa, fundi anapaua wiki hii.

Binti ndiye hajafurahi. Anasema vigari vya wenzake vinampita kama kasimama. Kaka anasema betri hizi zikichoka, miaka minne mitano ijayo, atafikiria lithiamu ila ya volti 36 hiyohiyo. Mimi nakubaliana naye, kama chasi itakuwa bado nzima. Je, wewe ungekuwa na zile dola 3,000 ungefanyaje? Na walioko nyumbani wanaotumia betri kama hizi kwenye sola, zinawadumu muda gani? Uwanja ni wenu.