Fahamu: Kuongeza makalio kwa mafuta yako mwenyewe

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa urembo. Mitandaoni gumzo likahamia moja kwa moja kwenye makalio.

Upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta, maarufu kwa jina la BBL, una hatua mbili. Daktari hunyonya mafuta tumboni, kiunoni au mgongoni kwa mrija mwembamba, huyasafisha, kisha huyadunga kwenye makalio. Hatari kubwa iko hapo pa kudunga. Ndani ya msuli wa kalio mna mishipa minene ya vena. Mrija ukiichana, mafuta huingia kwenye damu, hufika kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa anaweza kufia mezani. Ndiyo maana miongozo ya sasa inataka mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli. Jimbo la Florida, Marekani, linamlazimisha daktari kutumia ultrasaundi ili aone ncha ya mrija ilipo. Muulize wako kama anayo; akikasirika, ondoka.

Baada ya hapo jiandae kwa uvimbe, michubuko, nguo ya kubana na wiki kadhaa za kutokalia makalio. Sehemu ya mafuta hayo hufa na kufyonzwa na mwili, kwa hiyo umbo la mwezi wa kwanza, lile la kupigia picha, halidumu. Na kunyonya mafuta si tiba ya unene: kwa kawaida hayaondolewi zaidi ya lita 5 kwa mara moja.