Vyeo vya Miji Mitukufu

Kwa muda wa juma zima askari wawili wa Kiislamu katika kambi moja hawakusemezana, na chanzo kilikuwa neno moja tu. Sajenti mwenye mvi, aliyekuwa amerudi kutoka Hija, alikuwa akisimulia bwaloni ziara yake ya Madina Munawwara. Koplo kijana akamkatiza: "Afande, neno hilo ni bidaa. Mtume hakulisema." Mzee akaona amevunjiwa heshima mbele ya vijana. Ugomvi wa namna hii hufuatana na watu mpaka lindoni, basi tumeonelea vema kulieleza jambo lenyewe.

Kila askari anajua kwamba cheo kina mwenye mamlaka ya kukitoa. Makka imepewa majina na Mwenyezi Mungu mwenyewe: katika Kurani Tukufu imeitwa Bakka, tena Ummul Kura, yaani Mama wa Miji, tena mji wenye amani. Hapo hapana mjadala. "Mukarrama", maana yake uliokirimiwa, ni sifa waliyoiongeza Waislamu kwa mapenzi yao.

Habari ya Madina ni ndefu zaidi. Kabla ya Hijra ya mwaka 622 mji huo uliitwa Yathrib, jina ambalo Mtume (S.A.W.) hakupenda liendelee. Bukhari na Muslim wamepokea kauli yake kwamba watu huuita Yathrib, nao ni Madina. Na kwa Muslim imo kauli nyingine kwamba Mungu ameuita Taba, yaani mji mwema. "Munawwara", wenye nuru, halimo katika majina hayo. Wanaolitumia hukumbuka simulizi ya Anas bin Malik, iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba siku aliyoingia Mtume kila kitu mjini kiling'aa. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, alipendelea kusema "Madina Nabawiyya", Madina ya Nabii, kwa hoja kwamba kila mji ulioingiwa na Uislamu umepata nuru. Kiwanda cha kuchapa Kurani kilichofunguliwa huko mwaka 1984 hutoa misahafu yenye jina hilo la Nabawiyya, na huku mkoa wenyewe serikali yauita Munawwara! Koplo wetu, basi, alikuwa na mwalimu wa kumtegemea. Lakini kupendelea neno moja si kuliharamisha la pili, na hapo ndipo alipokosea.

Liko neno jingine ambalo si la sifa tu, nalo ni "haram". Mji ukiitwa haram hufuatwa na sheria: wanyama wake hawawindwi, miti yake haikatwi. Haram ya Madina ina mipaka iliyotajwa na Mtume, baina ya Ayr na Thawr. Kuhusu Makka, Muslim amepokea katazo la kuchukua silaha ndani yake. Uzito wa katazo hilo ulionekana tarehe 20 Novemba 1979, watu wenye bunduki wakiongozwa na Juhayman al-Otaybi walipouteka Msikiti Mtukufu. Majeshi ya Saudi Arabia yalihitaji kwanza fatwa ya wanachuoni ndipo yashambulie, kwa kuwa Kurani inakataza kupigana hapo isipokuwa adui ameanza. Mapigano yalikwisha mapema mwezi Desemba, baada ya majuma mawili.

Kwa sababu hiyo Ibn Taymiyya alikataa kuihesabu Baitul Mukadas kuwa haram ya tatu, ingawa fadhila ya kuswali huko aliikubali. Hakuudharau mji, alichelea watu wasije wakazua sheria kutokana na jina. Swali la namna hiyo lafaa kuulizwa. La Munawwara, kwa maoni yetu, halikustahili juma zima la kununiana.

Sajenti angali anasema Munawwara. Koplo husema Madina, basi. Juzi tuliwaona wakila sahani moja.