Chombo Kilichovunjika Hakijafa

Katika mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, si ajabu kuona pasi, redio na kiti kilichovunjika mguu vikingoja kuchukuliwa na watu wa taka. Mimi nami nimo katika kosa hilo. Mwezi uliopita niliamuru jiko letu la makaa litupwe, kwa sababu udongo wake wa ndani ulikuwa umepasuka.

Mke wangu alikataa. "Baba watoto," aliniuliza, "bati lina kosa gani?" Akalichukua hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Jiko la namna hii, lililoanza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 1980, lina sehemu mbili: bati la nje, na udongo uliochomwa, ambao huhifadhi joto na kupunguza makaa. Udongo ukivunjika hutiwa mwingine, na bati hubaki lile lile. Jioni chakula kilipikwa juu ya jiko hilo, nami nikala kwa haya.

Yafaa tujue kwamba huko Amsterdam, Uholanzi, Bibi Martine Postma alianzisha mwaka 2009 mkutano wa kutengeneza vyombo, na desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Mwenye chombo kibovu hukaa na mwenye ujuzi, wakakifungua pamoja. Hurudi kwake na faida mbili: chombo na maarifa.

Je, sisi wa Umoja hatuwezi? Nilipomweleza jirani yangu, fundi wa redio, alikunja uso. "Bwana Karani, mkitengeneza bure, watoto wangu watakula nini?"

Swali hilo ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Fundi asiombwe jasho lake bure. Wenye nyumba na tuchange, alipwe ujira wa siku. Kazi ndogo, kama kukaza skrubu, kugundisha mguu wa kiti au kubadili plagi ya pasi isiyounganishwa na umeme, tujifunze wenyewe. Kazi kubwa ipelekwe kibandani kwake, kwa bei yake. Mtu aliyekwisha kuona chombo kikipona hatakitupa tena upesi, atamtafuta fundi.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jirani yangu amekubali kutujaribu Jumamosi moja. Mimi nitakuja na pasi yangu, pamoja na mchango wangu mkononi.