Elimu ya Kliniki Baada ya Kufuzu: Muuguzi Mpya Katika Visiwa vya Ziwa Viktoria

Leseni anayopewa muuguzi mpya nchini Kenya na Baraza la Wauguzi, chombo kinachosimamia taaluma hiyo kwa mujibu wa Sura ya 257 ya sheria za nchi, huthibitisha kwamba mwenye leseni anaweza kumhudumia mgonjwa bila kumdhuru. Haithibitishi, wala haikukusudiwa kuthibitisha, kwamba amebobea. Tofauti hiyo haionekani sana katika hospitali kubwa, ambako kosa la mgeni wa kazi hunaswa na wakongwe wa wodi kabla halijamfikia mgonjwa, lakini hujitokeza waziwazi katika visiwa vya Ziwa Viktoria vilivyo upande wa kaunti za Homa Bay na Migori. Remba ni mfano wake ulio wazi zaidi: kisiwa kidogo cha mawe kilichosongamana nyumba za mabati, ambako wavuvi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huishi bega kwa bega, na ambako mgonjwa aliyezidiwa hawezi kupata rufaa bila boti, mafuta na ziwa lililotulia. Suala la elimu ya kliniki baada ya kufuzu, yaani masomo ya juu yanayofanyika kando ya kitanda cha mgonjwa na si darasani pekee, lina uzito wa aina yake mahali kama hapo.

Njia rasmi za elimu hiyo zinafahamika. Mwenye stashahada, ambaye kwa kawaida amesomea uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili kwa pamoja, anaweza baada ya kusajiliwa na kupata uzoefu wa kazi kurudi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu Kenya, KMTC, kuchukua stashahada ya juu ya takriban mwaka mmoja katika fani kama uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa chumba cha upasuaji, wa figo, wa macho au wa watoto. Mwenye shahada hupitia kwanza mwaka mmoja wa uanagenzi, ambao ni kazi ya hospitali chini ya usimamizi, kisha akipenda huendelea na uzamili chuo kikuu. Hakuna ubaya katika mpango huo, isipokuwa jambo moja ambalo wapangaji hawalitaji mara nyingi: nyingi ya fani hizo zimejengwa juu ya kiungo kimoja cha mwili au juu ya mashine fulani, na mashine hizo haziko visiwani. Muuguzi wa Remba akisomea usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo, elimu yake yenyewe humwondoa kisiwani, na hapana haki ya kumlaumu.

Mtaalamu wa Marekani Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kwamba muuguzi hupanda ngazi tano, kuanzia mgeni anayefuata kanuni neno kwa neno hadi bingwa anayeitambua hatari kabla vipimo havijaisema, na kwamba ngazi hizo hupandwa kwa kukutana na wagonjwa wengi, si kwa kusoma peke yake. Maelezo hayo yamekubalika katika vyuo vya uuguzi duniani kote, na yanabeba angalizo ambalo Afrika Mashariki ingefaa kulizingatia zaidi: bingwa wa wodi moja akihamishiwa mazingira mageni hushuka tena ngazi. Hata hivyo wauguzi ambao Benner aliwachunguza walifanya kazi katika hospitali, ambako mgeni huwa na bingwa wa kumtazama akifanya. Katika zahanati ya kisiwani, ambayo katika mpangilio wa huduma za afya nchini Kenya ni ngazi ya pili kati ya sita, mgeni na bingwa mara nyingi hulazimika kuwa mtu yuleyule.

Uvujaji wa damu baada ya kujifungua unatosha kuonyesha ugumu wa hali hiyo. Kwa kawaida tatizo hilo hutambuliwa mama anapopoteza damu ya mililita 500 au zaidi, na chanzo chake kikuu ni mji wa mimba kushindwa kujikaza baada ya kondo kutoka. Kukadiria damu kwa macho huwapotosha hata wakunga wazoefu, kwa kuwa sehemu yake hufyonzwa na shuka na nyingine humwagika sakafuni. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mzazi, pamoja na tiba zinazotolewa kwa pamoja badala ya kusubiri moja ishindwe ndipo nyingine ijaribiwe: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya tranexamiki inayosaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi wa njia ya uzazi. Matukio mazito yalipungua kwa asilimia 60. Matokeo hayo yalipatikana hospitalini, si zahanatini, na muuguzi wa kisiwani akiyachukua bila kuyapima anaweza kukwama katika jambo dogo: oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba iliyozoeleka zaidi, huhitaji kuhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha nguvu ya dawa huweza kupungua bila chupa kuonyesha dalili yoyote. Kujua hilo, kupanga namna ya kulikabili, na kuamua mapema boti liitwe saa ngapi ni ujuzi wa kliniki wa daraja la juu, ingawa hakuna cheti kinachotolewa kwa ajili yake.

Virusi vya Ukimwi vinadai ujuzi wa namna nyingine. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi nchini, na pia ni mahali ambapo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza mwaka 2001 kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya umma, wakati wengi duniani walidhani kwamba tiba hiyo haiwezekani vijijini Afrika. Tiba ilipoenea, sehemu kubwa ya ufuatiliaji wa wagonjwa ilihama kutoka kwa madaktari kwenda kwa wauguzi, hatua ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 2008. Lakini mvuvi huhama kufuata samaki. Leo yuko Remba, baadaye yuko kisiwa cha Ringiti au ng'ambo ya mpaka, na wingi wa virusi mwilini mwake ukipanda, muuguzi hana budi kutofautisha kati ya dawa iliyoshindwa na dozi iliyokatizwa na safari. Hapo kumhoji mgonjwa kwa heshima, bila kumkaripia, huwa na thamani kama ya kipimo cha maabara.

Kozi fupi husaidia, lakini hazitoshi. ETAT+, mafunzo ya siku tano yaliyoendelezwa nchini Kenya kuhusu kupanga na kutibu watoto mahututi kwa kufuata uzito wa hali zao, yamewafaa wauguzi wengi. Hata hivyo inajulikana vyema kwamba ustadi wa kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua hufifia ndani ya miezi michache usipofanyiwa mazoezi, na kisiwa chenye wazazi wachache hakimpi muuguzi nafasi ya kutosha ya kuudumisha.

Kinachohitajika, basi, ni elimu inayomfuata muuguzi alipo na kumrudisha kwa zamu penye wagonjwa wengi. Kenya ina uzoefu wa nusu ya kwanza: mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo ya masafa kwa njia ya kompyuta ili kuwapandisha hadi stashahada wauguzi wapatao 22,000 waliokuwa na cheti tu, bila kuwatoa kazini kwa miaka. Nusu ya pili, ya muuguzi kukaa wiki kadhaa kila mwaka katika wodi ya wazazi na ya watoto ya hospitali kubwa huku mwenzake akishika zamu ya kisiwani, haihitaji chuo kipya. Australia imekwenda mbali zaidi kwa kuufanya uuguzi wa maeneo ya mbali kuwa taaluma yenye mafunzo na miongozo yake, na wasimamizi wa elimu ya uuguzi nchini Kenya wangeweza kuiga wazo hilo bila kuiga gharama zake.

Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti, ambazo ndizo zinazoajiri wauguzi, kuwapangia vituo na kuwaruhusu kwenda masomoni. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori zinapaswa kuihesabu miaka ya kazi ya visiwani, ikiambatana na usimamizi wa kweli, kuwa sehemu ya masomo ya juu yenye kutambuliwa katika kupandishwa cheo, na Baraza la Wauguzi linapaswa kuyawekea masomo hayo mtaala na mtihani.