MAYAI YALIYOMO ZIWANI: YAPI YA CHURA, YAPI YA MBU, YAPI YA KONOKONO?



Masika moja mwenzetu alishuka bondeni kuteka maji ya kumwagilia miche yake ya mikarafuu. Katika ziwa lililo chini ya shamba aliona nyuzi ndefu za ute, zenye vitone vyeusi ndani yake, zimejizungusha katika nyasi. Alirudi nyumbani akachukua mafuta ya taa, akayamwaga yote majini. "Nimewaua mbu kabla hawajazaliwa," alisema.

Kumbe yale yalikuwa mayai ya chura. Maji aliyoyategemea kwa kitalu chake yakawa hayafai tena, naye akalazimika kuteka mbali. Na mbu waliokuwa wakimkosesha usingizi walikuwa wakizaliwa katika vifuu na makopo nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Kosa hili si la kustaajabisha. Mtoto wa mbu tunamwita kiluwiluwi, na mtoto wa chura wengi wetu humwita kiluwiluwi vilevile, ingawa analo jina lake la ndubwi. Jina likiwa moja, mtu hudhani na kitu ni kimoja. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze hapa namna ya kuyatambua mayai yanayoonekana katika maziwa na madimbwi yetu.

Namna ya kutazama

Nenda asubuhi, maji yakiwa yametulia. Usitie mkono wala mguu majini. Sababu yake utaiona mbele. Chukua upawa wa kifuu wenye mpini mrefu, teka maji taratibu kando ya majani, kisha yamimine katika sahani nyeupe. Katika weupe huo hata kitu kidogo sana huonekana.

Mayai ya chura

Alama kubwa ya mayai ya chura ni ute. Kila yai ni kitone cheusi au cha kahawia, nacho kimezungukwa na ute mweupe unaopenya mwanga, kama ute wa yai la kuku. Lakini vyura hawatagi namna moja.

Yule chura mnene wa ngozi ya vipele, anayekuja barazani usiku kutafuta wadudu chini ya taa, hutaga nyuzi. Mayai yake hupangana katika uzi wa ute kama shanga, na jike mmoja huweza kutaga maelfu. Hizo ndizo alizoziona mwenzetu. Vyura wengine hutaga mayai yaliyotawanyika, yakaelea juu ya maji kama tandu jembamba, au yakashika moja moja katika majani yaliyozama.

Wako pia vyura wadogo wa majani ambao hawatagi majini kabisa. Hubandika mayai juu ya jani linaloinamia maji, na wengine hulikunja jani na kuligandisha ili kuyaficha. Mayai yakiiva, ndubwi hudondoka majini. Na katika pwani hii ya Afrika Mashariki yuko chura anayefanya povu jeupe juu ya tawi lililo juu ya maji, likakauka nje na kubaki bichi ndani. Anayeliona mara ya kwanza hudhani mtu ametema mate au amemwaga sabuni. Asilikate tawi hilo. Ndani yake mna mayai.

Mayai ya mbu

Mayai ya mbu hayana ute. Hii ndiyo tofauti ya kwanza ya kukumbuka. Mbu wa nyumbani, anayependa maji machafu, huyapanga mayai yake wimawima yakashikamana kama kidau kidogo cheusi kinachoelea. Kidau hicho hukaribia ukubwa wa chembe ya mchele, nacho huwa na mayai mia moja au zaidi. Mbu wa malaria hutaga moja moja juu ya maji, wala si rahisi kuyaona kwa macho. Mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi, hutaga ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yake huweza kukaa makavu miezi mingi, yakaanguliwa mvua inapojaza chombo tena. Kwa hiyo kumwaga maji ya mtungi hakutoshi. Lazima kusugua kuta zake.

Ukikuta mayai yamekwisha anguliwa, tazama watoto. Wa mbu ni mwembamba, huning'inia chini ya uso wa maji na kujipindapinda anaposhtuliwa. Ndubwi ana kichwa kikubwa cha mviringo na mkia mpana.

Mayai ya konokono

Haya nayo yana ute, na ndiyo yanayochanganywa zaidi na ya chura. Lakini ute wake ni bapa, umebandikwa kama gundi chini ya jani, juu ya kijiti au hata juu ya kifuu kilichozama. Haupiti sana ukucha wa kidole kidogo, na vitone vyake havina ule weusi wa mayai ya chura.

Mayai yenyewe hayana sumu. Bali yanatuambia kwamba konokono wa maji wamo, na huenda akawamo yule wa kichocho. Huyu hana kifuniko mlangoni mwa gamba lake, na ukilishika gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea, mlango huwa upande wako wa kushoto. Hazaliwi na ugonjwa. Huupata pale mgonjwa anapokojoa majini: mayai ya minyoo yaliyomo katika mkojo huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka vijidudu vingine, hasa katikati ya mchana, vikapenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Na mchana ndipo wachumaji na watoto wao wanapotaka kuoga.

Kati ya mwaka 2012 na 2017 palifanyika kazi kubwa Unguja na Pemba ya kuupiga vita ugonjwa huu. Dawa iligawiwa mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono walitiliwa dawa, na katika nyingine watu walifundishwa kubadili mazoea. Kichocho kilipungua sana, lakini hakikwisha. Kilichobakia kinakaa katika maji kama haya yetu.

La kufanya

Ukiona mayai ya chura, yaache. Chura akikua hula mchwa, nasi sote twajua mchwa anavyoiharibu mikarafuu.

Ukiona kidau cha mbu, tafuta kwanza vyombo vilivyo karibu na nyumba: vifuu, makopo, magurudumu mabovu. Vifunike, vipindue au vizike. Usimwage mafuta ziwani, kwani mafuta hayachagui rafiki na adui.

Ukiona ute bapa wa konokono, wakataze watoto na wachumaji kuoga hapo. Maji ya kuogea yatekwe yakae siku mbili kamili katika chombo kilichofunikwa; vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa, na kifuniko kitazuia mbu. Tena mwenye shamba awajengee wachumaji wake choo, kwa maana mkojo usipofika majini mnyororo umekatika. Mtoto akikojoa damu, apelekwe hospitali upesi; dawa yake ipo.

Lakini msidanganyike: kutoona mayai ya konokono si ushahidi kwamba maji ni salama, na kuwepo mayai ya chura hakuyafanyi maji kuwa ya kunywa.

Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi kabla hujanyanyua kopo la mafuta, chukua upawa na sahani, umjue kwanza aliyeviunda.