Meli ya Taná Chini ya Fort Jesus

Mwanafunzi atokaye Karurumo, huko Embu, akiingia jumba la makumbusho la Fort Jesus na kukuta jina la meli "Santo António de Taná", huenda akadhani ni Tana ya kwao. Si ajabu, kwani mvua inyeshayo Karurumo hushuka kwa mito mpaka Tana, na Tana ikayamwaga maji hayo baharini Kipini. Lakini Taná hii ni mji wa Bara Hindi, nao siku hizi waitwa Thane. Meli yenyewe iliundwa karibu na huko, Bassein, kwa mbao za msaji, na mwisho wake ulikuwa hapa kwetu Mombasa.

Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira Fort Jesus. Njaa na maradhi yakawamaliza Wareno mmoja mmoja, hata ilipofika Agosti 1697 ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wake kwa waume. Santo António iliporudi Septemba na msaada, Mwislamu wa Faza ndiye aliyekuwa akiishika ngome ya Mreno! Mwezi uliofuata ikazama papo hapo chini ya ngome. Wareno walitumiwa msaada zaidi, lakini Desemba 1698 Waomani wakaingia.

Meli ililala kimya karibu miaka mia tatu. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wakaiona, na kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wataalamu wa Marekani walioongozwa na Robin Piercy, wakaichimbua.

Msomaji asidhani kazi hiyo ni mchezo wa kuogelea. Ukifika mita 10 chini, uzito wa maji na hewa juu ya mwili huwa maradufu ya ule wa nchi kavu. Mpiga mbizi hubeba mtungi wa hewa mgongoni, na ni mwiko kuzuia pumzi wakati wa kupanda, kwani hewa hutanuka na kuweza kupasua mapafu. Hupanda taratibu, saa mkononi. Na maji ya bandari si kioo: tope likitibuka, mkono ndio jicho.

Wakapata vyombo vya kauri vya China, mitungi, mizinga na mbao za nakshi, ambavyo baadhi yake vyaonekana Fort Jesus hadi leo. Lakini mwili wa meli haukutolewa. Mbao zilizokaa majini karne tatu hunyauka na kupasuka zikikauka, na kuzitibu ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Kwa hiyo wakaufukia tena kwa mchanga, bahari iendelee kuutunza.

Basi anayezamia akachukua kigae kimoja cha ukumbusho ameng'oa ukurasa wa kitabu. Sheria ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya meli za kale, lakini askari hawezi kukaa chini ya maji. Mlinzi wa kweli ni mvuvi, nahodha na kijana wa pwani ajuaye kilichopo.

Tena kazi haijaisha. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kiasi cha mita 6 tu chini, yamelala mabaki ya meli nyingine ya Kireno. Mwaka 2024 wataalamu, akiwamo Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, walisema huenda ni São Jorge, ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama wa mwaka 1524, ingawa hilo lahitaji ushahidi zaidi.

Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu huzamia pweza na kamba tangu utotoni, basi na wajifunze mtungi na kipimo pia, ili habari ya Bwana Daud isingoje mgeni kuja kutusimulia.