Kutohuishwa kwa Mikataba ya Walimu wa Shule Binafsi Arusha: Matarajio, Mkataba wa Hali Bora na Njia za Utatuzi

Makala haya yanafafanua hali ya kisheria ya mwalimu wa shule binafsi ambaye mkataba wake wa muda maalumu umekwisha bila kuhuishwa. Suala hili lina uzito katika Jiji la Arusha na maeneo ya Mlima Meru, kama vile Tengeru na Usa River, ambako zipo shule nyingi za aina hiyo. Walimu wa shule za umma hawahusiki, kwa kuwa ajira zao huongozwa na sheria za utumishi wa umma.

Kimsingi, mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe muda wake unapotimia. Hata hivyo, kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kama kilivyotungwa, kinahesabu kutohuisha mkataba kuwa usitishaji wa ajira iwapo mwajiriwa alikuwa na matarajio ya kuridhisha ya kuhuishiwa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiriwa aoneshe msingi wa matarajio hayo, mathalani mkataba kuhuishwa hapo awali au ahadi ya mwajiri. Matumaini ya moyoni hayatoshi.

Hapa ndipo umuhimu wa mkataba wa hali bora unapojitokeza. Kipengele kinachomlazimu mwajiri kutoa taarifa ya maandishi kabla ya mkataba kukoma, pamoja na sababu, humpatia mwalimu ushahidi ambao vinginevyo angeutafuta katika maneno ya ofisini.

Hata hivyo, njia za utatuzi hutofautiana. Mgogoro wa usitishaji ukishindikana katika usuluhishi hupelekwa kwa mwamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba wa hali bora nao huanzia kwa msuluhishi wa Tume, lakini ukishindikana, kifungu cha 74 kinauelekeza Mahakama ya Kazi, isipokuwa pande husika zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo, chama kinachotaka migogoro hiyo iishie kwa mwamuzi hakina budi kuliandika jambo hilo ndani ya mkataba.

Kikwazo kingine ni muda. Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007 linataka mgogoro wa usitishaji uwasilishwe ndani ya siku 30. Mkataba unaokoma tarehe 31 Desemba hukoma shule zikiwa zimefungwa. Mwalimu anayesubiri kuitwa shule zifunguliwapo Januari huona siku hizo zikiyoyoma, na baada yake hubaki kuiomba Tume impokee kwa kuonesha sababu ya msingi ya kuchelewa. Kipengele cha taarifa ya mapema, basi, hulinda ushahidi na pia hulinda haki yenyewe ya kusikilizwa.